Siku moja maishani mwangu: kuwafuata akina baba walipo

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Kitongoji chetu tupo wawili, mwanamke na mwanaume. Mwenzangu anazungumza na akina mama. Mimi kazi yangu kubwa ni akina baba, na mada inayonigusa kuliko zote ni uzazi wa mpango. Hii ni Ijumaa ya mwezi wa nane, msimu wa kuvuna zabibu.

Saa 11 alfajiri

Kiangazi kikikolea, foleni ya kisimani inaanza usiku. Natoka na baiskeli na madumu. Wanaopanga foleni ni wanawake na mabinti, pamoja na vijana wachache wa kiume wanaochota maji ya kuuza. Mwanaume akipakia madumu ya kuuza hakuna anayegeuka kumtazama. Akiyapeleka nyumbani kwake anaulizwa kama mke anaumwa. Leo mama mmoja kaniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia mke wangu ni mzima, yuko jikoni anakoroga uji wa watoto.

Kwangu mazungumzo ya uzazi wa mpango yanaanzia hapa kisimani. Baba ambaye hajawahi kubeba maji, kuogesha mtoto wala kukesha naye akiwa na homa, atajuaje kwa nini mkewe anaomba apumzike walau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine?

Saa 2 asubuhi

Zahanati, siku ya kliniki. Mabenchi yamejaa akina mama na watoto. Akina baba waliowasindikiza wako nje chini ya mti, wameegemea pikipiki. Ukimwambia mmoja aingie anakuuliza, "Nikakae wapi?" Na kweli, pa kukaa hapana. Hata picha ukutani ni za mama na mtoto. Tunalalamika wanaume hawaji, na akija mmoja anaona wazi kwamba hakutegemewa. Kuna mahali mjamzito aliyekuja peke yake anaambiwa alete barua ya mwenyekiti kueleza mume yuko wapi. Sikubaliani nalo hata kidogo. Baba ndiye hakuja, anayerudishwa ni mama.

Leo kijana mmoja kakubali kuingia na mkewe. Mtoto wao wa pili ana miezi minne. Mke anataka kipandikizi, mume ana swali moja ambalo ameligandamiza moyoni: amesikia kile kijiti kinatembea mwilini hadi kwenye moyo. Nesi hakumcheka. Kamwonyesha kwenye pakiti yake, kitu chembamba kama njiti ya kiberiti. Kamweleza kwamba kinawekwa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, na hukaa pale pale. Chenye kijiti kimoja kwa miaka 3, chenye viwili kwa miaka 5, na mama akitaka kitolewe kabla ya hapo kinatolewa. Baada ya kuwekwa, mke kanyoosha mkono mwenyewe. Mume kagusa pembeni ya bandeji kwa kidole, taratibu, akauliza, "Unauma?" Mke kasema umekufa ganzi. Wakatoka pamoja, mtoto kabebwa na baba.

Saa 5

Nyumba kwa nyumba. Niliyoyakuta siwezi kuyasimulia yote, siri za watu ni amana. Nitasema tu kwamba wapo wanawake wanaochoma sindano ya miezi mitatu bila mume kujua, na kadi inalala kwa jirani, ndani ya gunia la uwele. Haki hiyo wanayo, huduma haidai ruhusa ya mume. Lakini siri hii ina gharama. Sindano inaweza kuvuruga siku za hedhi au kuzisimamisha. Mume anaona mabadiliko, hana maelezo, anaanza kuwaza ugonjwa au kumshuku mkewe. Mama naye akipata maudhi ya dawa hana wa kumwambia. Anaacha kimya kimya, kisha mimba inaingia.

Saa 9 alasiri

Shamba la zabibu. Wanaume wanakata vichala na kupanga kwenye kreti, nami nikachukua mkasi nikaingia kwenye mstari. Sipendi kusimama mbele ya watu wanaofanya kazi nikawahutubia.

Hoja zao nazijua. Mtoto huja na riziki yake. Nimetoa ng'ombe, kwa hiyo mimi ndiye mwenye kuamua. Leo baba mmoja mwenye watoto sita, wanne kati yao wa kiume, alilisema hilo la ng'ombe kwa sauti. Sikumbishia. Nilimuuliza shamba lake la mizabibu lina ukubwa gani. "Ekari moja." Nikamuuliza vijana wake wanne watagawana vipi. Akaendelea kukata vichala, halafu akasema shuleni ada hakuna, lakini sare, madaftari na michango bado ni yake, na mwaka huu wawili wamevaa shati moja kwa zamu. Hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja, nilipomwamkia shikamoo, alinitania kwamba nimeletewa mambo haya na Wazungu. Nikamkumbusha mwaka 1969, Mwalimu Nyerere akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, aliwaambia Watanzania kwamba kwenye kuzaa binadamu tunalingana na wanyama, ila kulea na kusomesha ni jukumu letu peke yetu. Mzee akanitazama. "Mwanangu, Mwalimu alisema hivyo?" Ndiyo mzee wangu, alisema.

Saa 11 jioni

Kijiwe cha kahawa. Hapa ndipo hofu yenyewe hutajwa: mwanaume kufunga kizazi. Ugogoni watu ni wafugaji, na kila mmoja amewahi kushika dume likihasiwa. Kwao kufunga kizazi ni kufanywa maksai, basi.

Nikaeleza polepole. Dume linapohasiwa, kende zenyewe huuawa, ndiyo maana hamu na ukali huisha. Kwa mwanaume daktari hagusi kende, anakata na kufunga mirija miwili inayopitisha mbegu. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, manii yanatoka kama kawaida ila hayana mbegu. Kwa miezi mitatu ya mwanzo atumie kondomu, kwa sababu mbegu za zamani bado zipo njiani. Na asifanye kama bado ana wazo la mtoto, maana kufungua tena ni kugumu na hakuna uhakika.

Kijana wa bodaboda akauliza, "Kwa hiyo njia za mwanaume ni kondomu na hiyo tu?" Za kifaa au upasuaji, ndiyo, hizo mbili. Nyingine zote zinabebwa na mwili wa mwanamke. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31, na mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto 4.8. Niliwaambia: hao wanaotumia wamebeba sindano, vidonge na vitanzi vya nyumba nzima. Ninyi mmebeba nini?

Saa 2 usiku

Tumekula ugali na mlenda, vyombo nimeosha, sasa najaza fomu. Ina nafasi ya jina la mama, umri na njia aliyochagua. Ya baba haina, kwa hiyo wanaume niliozungumza nao nawaandika kwenye daftari langu.

Wiki ijayo kuna mkutano wa kijiji. Mwenyekiti amenipa dakika kumi kwenye mengineyo. Nimempigia simu kumwomba aniweke kabla ya ajenda ya maji, kwa sababu ya maji ikiisha wanaume wote huondoka. Amesema atafikiria. Kesho asubuhi naenda kwake mwenyewe.