Tumbo joto

Nilikuwa na miaka 23 nilipogundua uvimbe. Ilikuwa saa nane usiku, nimelala chali, vidole vitatu vikishuka taratibu kutoka kifuani, vikagota kitu kigumu pale kwenye chembe ya moyo. Hakikusogea. Nikakibonyeza tena, nikakipima ukubwa kwa kidole gumba, nikawasha taa, nikavua fulana, nikasimama mbele ya kioo. Kulipokucha nilikuwa nimeshasoma kwenye simu habari za kila saratani inayoweza kumpata binadamu kati ya koo na kitovu.

Tumbo lenyewe lilikuwa limenisumbua zaidi ya nusu mwaka. Gesi, kunguruma, maumivu yanayopoa nikishaenda choo, wiki moja naharisha, wiki inayofuata sipati choo kabisa. Lakini kabla ya usiku ule niliyaona kuwa kero tu. Baada yake nikawa mlinzi wa zamu.

Daktari alipagusa mara moja. "Hii ni ncha ya kidari chako, mwanangu. Kila mtu anayo." Akajibonyeza mwenyewe juu ya koti, kunionyesha kwamba na yeye anayo. Nikamwambia kuna kitu kinadunda karibu na kitovu. Akasema ni aota, mshipa mkuu wa damu, unapita mbele ya uti wa mgongo, na mtu mwembamba akilala chali anausikia. Nikamwonyesha upande wa kushoto panapouma. Akapatazama, akaona alama nyekundu za vidole. "Hapa panauma kwa sababu unapabonyeza."

Hakunifukuza, na ninamshukuru kwa hilo. Aliniuliza kama nimepungua uzito bila kutaka, kama nimeona damu, kama maumivu huniamsha usingizini, kama kuna ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo mpana. Yote hapana. Damu ikapimwa, choo kikapimwa kuangalia kama kuta za utumbo zimevimba kwa ndani na kama kuna bakteria wa vidonda vya tumbo. Majibu yakarudi safi. Akasema nina utumbo mwepesi kukereka, ule ambao madaktari huuita IBS: unasumbua kweli, lakini hauli kuta za utumbo wala haugeuki kuwa saratani.

Nilitoka pale mwepesi kama karatasi. Wepesi ule ulidumu siku nne. Siku ya tano nikiwa napiga mswaki likanijia swali: je, kama sampuli zilichanganywa na za mtu mwingine?

Sehemu hii watu wengi hawaielewi, na hata mimi sikuielewa wakati ule. Nilidhani ninachokosa ni uhakika, kwamba kipimo kimoja zaidi kitamaliza kazi. Nikamsumbua dada yangu. "Dada, hebu shika hapa." "Nilishika jana." "Shika tena, leo pamebadilika." Anashika, anasema hakuna kitu, napumua. Baada ya nusu saa narudi. Nikajipima uzito asubuhi na jioni. Nikapata ile chati ya Bristol ya mwaka 1997 inayogawa choo katika aina 7, ambapo aina ya 3 na ya 4 ndizo za kawaida, nikaanza kuinama chooni kama mtu aliyedondosha pete. Chati yenyewe haina kosa, madaktari wanaitumia. Mkononi mwangu ilikuwa petroli.

Dada ndiye aliyenisukuma kwa mshauri wa saikolojia, tena kwa hasira. Nilikwenda nimenuna, maana niliona naambiwa kwamba najitungia maumivu. Mshauri hakusema hivyo. Alisema maumivu ni ya kweli. Akanieleza kwamba kuta za utumbo zina mtandao wake wa seli za neva, zaidi ya milioni 100, unaowasiliana na ubongo saa zote. Ukiogopa, chakula hukawia tumboni huku utumbo mpana ukiharakisha, na kila mngurumo ambao zamani ungeupuuza sasa unausikia kama kengele. Nikawaza: kumbe ndiyo maana mtu mwenye wasiwasi tunasema yuko tumbo joto. Baadaye nikasoma kwamba hata neno haipokondria, yaani hofu ya kudumu kwamba unaumwa, kwa Kigiriki ni "chini ya gegedu za mbavu". Yaani palepale nilipokuwa nabonyeza!

Kazi ya kwanza aliyonipa niliidharau. Nisihesabu dalili, nihesabu ukaguzi. Kijitabu kidogo mfukoni, nichore kijiti kimoja kila nikibonyeza, nikichungulia, nikipekua simu, nikiuliza. Siku ya kwanza nilipata vijiti 61. Nilivitazama nikaona aibu, halafu nikaona kitu kingine: tumbo lilikuwa limeniuma mara mbili tu siku hiyo.

Kazi ya pili ilikuwa kuchelewesha. Hamu ya kubonyeza ikija, nisubiri dakika 10, kisha nikitaka nibonyeze. Mara ya kwanza niliikalia mikono yangu mwenyewe kwenye kochi, macho kwenye saa ya ukutani, jasho kwapani. Dakika ya tatu ilikuwa mbaya, ya sita mbaya zaidi. Ya tisa nikasikia jirani anaburuta kiti, nikajiuliza anahamisha nini, na nilipoangalia saa zilikuwa zimepita dakika 14. Hofu ilikuwa imeshuka bila mimi kuifanyia chochote. Sikuwahi kujua kwamba inashuka yenyewe, kwa sababu sikuwahi kuiacha ifike huko.

Dada naye alipewa sentensi yake: "Hilo ni swali la wasiwasi, sitalijibu." Wiki mbili za mwanzo nilimchukia. Aliisema huku anaosha vyombo, bila hata kugeuka.

Vijiti vilishuka hadi kama 20, vikapanda tena nilipopata virusi vya tumbo, vikashuka. Ilichukua miezi saba kufika chini ya vitano. Tumbo bado hunisumbua kila ninapokuwa na shughuli nzito, na sijaacha kunguruma mbele za watu.

Kitu kimoja nilikuwa nakiogopa: kwamba nikiacha kukagua, ugonjwa wa kweli utanipita. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu tuliandika zile dalili ambazo daktari aliniuliza siku ya kwanza. Nikiona mojawapo naenda hospitali, bila kupekua simu na bila kumshikisha dada tumbo.

Mwezi uliopita, baada ya siku tatu za kukosa choo, niliona damu kwenye karatasi. Nyekundu, mbichi. Nilipiga simu, nikapewa nafasi keshokutwa. Siku mbili hizo nilizimaliza nikipaka rangi mlango wa chumbani, mara tatu, kwa sababu mikono ikiwa na rangi huwezi kushika tumbo wala simu. Ilikuwa mchaniko mdogo wa njia ya haja, nikapewa dawa ya kupaka na kuambiwa ninywe maji. Mlango umetoka vizuri, isipokuwa karibu na kitasa.