Kabla hujalipia jimu, nenda kaione saa ileile utakayofanyia mazoezi

Juzi rafiki yangu kanitumia picha za jimu mbili anataka kujiunga, akaniambia nichagulie wewe unazijua hizi mambo. Nikamwambia kwa picha siwezi, maana kwenye picha hakuna jasho, hakuna foleni na kila taa inawaka. Tukaongea kama saa nzima kwenye simu, ndo nikaona bora niandike na hapa.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza sio mashine, ni umbali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kukaza misuli. Sasa piga hesabu, jimu ikiwa dakika 40 kutoka kwako, kwenda na kurudi ni 80, ukienda mara tatu kwa wiki umeshatumia masaa manne njiani, yaani njia inakula muda mwingi kuliko mazoezi yenyewe. Wiki mbili za kwanza utaenda kwa sababu una moto, ya tatu mvua ikinyesha au kazi ikichelewa kuisha unasema kesho. Mimi ningechukua jimu ndogo iliyo njiani natoka kazini kuliko kubwa ya kuifuata.

Pili, na hili nalisisitiza kweli, nenda kaiangalie saa ileile utakayokuwa unafanya mazoezi. Ukienda saa nne asubuhi utaikuta tupu na inang'aa, ila wewe unatoka kazini saa kumi na moja, kwaiyo jimu yako wewe ni ile ya saa kumi na mbili jioni, hiyo ya asubuhi ni ya watu wengine kabisa. Simama pembeni dakika ishirini uangalie watu wanasubiri nini. Mtu anayepiga skwati nzito (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) seti tano, yaani raundi tano, anapumzika dakika mbili tatu kila seti, hapo kashakaa kama robo saa au zaidi, na kama sehemu ya skwati ni moja na kuna watu watatu mbele yako basi jioni yako imeisha. Angalia na mashine zilizobandikwa karatasi "mbovu", ulizia zina muda gani. Karatasi ikiwa imeshafifia na kujikunja utajua hapo matengenezo sio kipaumbele. Shika vyuma, angalia nyaya za mashine kama hazijaanza kuchanika, angalia kama klipu za kubana sahani, yale maduara ya uzito yanayoingizwa kwenye chuma, zipo za kutosha maana sahani zikichomoka upande mmoja chuma kinapinduka na mtu anaumia.

Alafu kocha. Usimuangalie misuli, muangalie anavyompokea mtu mpya. Kocha mzuri kabla hajakugusisha chuma anakuuliza una tatizo la moyo, umewahi kusikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, unatumia dawa za presha, goti au mgongo umewahi kuumia. Ambaye haulizi chochote anakupeleka moja kwa moja kwenye benchi, huyo mimi namuogopa. Kuna kitu watu wengi hawaambiwi siku ya kwanza, ile fimbo ndefu ya kawaida peke yake bila sahani ni kilo 20, zipo za kilo 15 na nyepesi zaidi, na kwa anayeanza hiyo tofauti ni kubwa sana. Muulize tu, unazo nyepesi? Jibu lake litakuonyesha kama hapo wanawafikiria na wanaoanza.

Uliza pia mashine ya kushtua moyo iko wapi na nani anajua kuitumia. Najua inasikika kama unatafuta mabaya, lakini moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila mtu kubonyezwa kifua wala kushtuliwa, uwezekano wa kupona unashuka kama asilimia 7 mpaka 10. Mtu wa mapokezi akikuonyesha ukutani bila kujiuliza, hiyo ni jimu iliyojipanga.

Vyoo, mabafu, makabati ya kufunga, hewa, hivi utaviona mwenyewe ukiingia. Na kama ni mwanamke, sikiliza mwili wako ukiwa mle ndani. Kama unajisikia kuangaliwa mpaka unataka kuvuta nguo chini, hutarudi hata mashine ziwe nzuri vipi, na wala huna haja ya kumueleza mtu yeyote sababu.

Mkataba sasa. Mimi niliwahi kusaini wa mwaka mzima siku hiyohiyo kwa sababu niliambiwa punguzo linaisha leo, mwezi wa tatu nikateguka kifundo cha mguu, nikaomba wasimamishe mpaka nipone wakasema haipo kwenye mkataba, na kweli haikuwepo. Niliumia sana ile siku. Kwaiyo chukua karatasi nenda nayo nyumbani, tafuta mambo matatu: ukiumwa au ukihama inakuaje, ukitaka kuacha unatoa taarifa siku ngapi kabla, na mwaka ukiisha mkataba unajiendeleza wenyewe au mpaka ukubali. Walichokuahidi kwa mdomo waambie waandike. Kama wana malipo ya mwezi mmoja mmoja anza na hayo hata kama yanazidi kidogo.

Rafiki yangu alienda jana jioni kwenye ile aliyokuwa anaipenda kwa picha, akakuta watu sita wanasubiri mashine mbili za kukimbilia. Ile nyingine ni ndogo, rangi imechakaa, ila kocha alimkalisha chini akamuuliza habari za mgongo wake kabla hata hajamuonyesha bei. Wamemruhusu afanye siku moja bure, anaenda kesho saa kumi na mbili jioni.