Starlet EP91 iliyochoka milimani: kwa nini 5E-FE ilishinda

Tatizo: Toyota Starlet yenye injini ya 4E-FE ya 1331 cc, gia za mkono, watu wanne na mizigo, inakufa nguvu kwenye kupanda milima ya Nyang'oro, njia ya Dodoma kwenda Iringa. Dodoma yenyewe iko juu kiasi cha mita 1,100, na injini isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa hewa nyepesi.

Dawa ni kubadilisha injini. 4E-FTE yenye tabo inavutia, ila inadai rejeta kubwa, gia boksi imara na mfuko mnene. Niliiacha. 5E-FE ya Toyota Raum (cc 1500 kasoro kidogo) ni ndugu wa 4E: pistoni zina kipenyo kilekile, mwendo wake wa juu na chini ndio mrefu zaidi, na gia boksi ya Starlet inashika bila kuchonga kitu.

Kabla ya kulipia, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Silinda zisitofautiane zaidi ya paundi 14 kwa inchi ya mraba. Badilisha timing belti, wotapampu na sili ya nyuma ya krenki injini ikiwa bado chini.

Raum ni otomatiki, hivyo flaiwili na klachi zilitoka kwenye 4E.

Kosa la mafundi wengi ni kubakiza kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya zamani. Inapima petroli ya injini ndogo. Ukikanyaga mpaka mwisho mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), injini inagonga na kuchemka. Chukua boksi na waya za 5E pamoja na injini.

Namba mpya ya injini ipelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato), kadi ya gari irekebishwe.