Kabla hujanunua mashine ya kuchonga funguo, shika jiliwa

Ukifika dukani kununua mashine ya kuchonga funguo, mwambie muuzaji asiiwashe kwanza. Mota inayonguruma vizuri itakuvutia bure. Shika majiliwa yake mawili, yaani vile vibano vya kushikia funguo. Bana funguo mbili mpya zisizo na meno, za aina moja, halafu zitikise kwa kidole. Zikicheza hata kidogo, ondoka.

Zikitulia, zungusha kisu kwa mkono, taratibu. Ule ulimi unaopapasa ufunguo wa mfano ukigusa upande wake, kisu nacho kiwe ndiyo kwanza kinauparuza ufunguo wa pili. Visipogusa pamoja, uliza skrubu ya kurekebishia iko wapi. Mashine isiyorekebishika mimi siichukui hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kwenye silinda nyingi za kufuli na vitasa kina kimoja cha jino na kinachofuata hupishana kwa karibu nusu milimita tu. Jumlisha kosa la mashine na ufunguo wa mteja uliokwisha kulika, unapata ufunguo unaoingia vizuri na kugoma kuzunguka.

Halafu angalia wateja wako wanaleta nini. Hapa Buguruni kwangu ni kufuli za Tri-Circle, vitasa vya Union na Toyota za zamani. Kufuli na Toyota hizo, mashine ya kawaida inazimaliza. Kitasa cha Union cha ufunguo mrefu wa mviringo ni habari nyingine: ufunguo wake una mapengo ya mraba, unataka mashine yenye kisu chembamba kinachoshuka wima, la sivyo ni tupa na subira. Mimi bado nauchonga kwa tupa, na unatoka safi.

Magari mapya ndiyo yanayowatia vijana tamaa. Ufunguo wa Mercedes au wa Volkswagen nyingi huchongwa njia ubavuni, na mashine yangu haiufikii. Kuna za kompyuta kama Xhorse Dolphin XP-005: unaiongoza kwa simu, inasoma ufunguo uliolika na kuurudishia vina vyake vya asili, na ina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Nzuri sana, lakini ghali. Kama magari si mkate wako wa kila siku, subiri. Na kumbuka, kuchonga meno hakuandiki chipu, ile iliyomo ndani ya ufunguo ambayo gari huitambua ndipo liwake: mlango utafunguka na gari halitawaka. Mweleze mteja kabla hajalipa.

Usitoke dukani bila kuuliza kama visu na mikanda ya akiba inapatikana Kariakoo. Kisu cha kabaidi kinakata hata funguo za chuma na kinadumu, ila kikigongwa kinameguka. Na miwani ya kazi nunua siku hiyohiyo. Chenga za shaba zinaruka juu, usawa wa macho.