Kitambaa Chekundu cha Kamakhya

Nilipovunja ungo kule Tanga, somo wangu alinifunda mengi, lakini lililonikaa ni la sodo: ifuliwe usiku, ianikwe chini ya kanga, asiione mtu. Nilikua na siri hiyo. Basi Juni 2011, nikisoma Guwahati, jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, rafiki yangu wa bwenini aliponiambia hekalu la Kamakhya limefungwa siku tatu kwa kuwa Devi, mungu wa kike wa Kihindu anayeabudiwa humo, yumo hedhini, nilidhani sikumsikia vizuri.

Akarudia, wala hakushusha sauti. Siku hizo huitwa Ambubachi. Wakulima hawalimi wala hawachimbi, maana ardhi nayo inapumzika.

Siku ya nne milango ilipofunguliwa tukapanda kilima cha Nilachal na mama yake, ambaye nilimwita Mahi, kama Waassam wanavyomwita mama mdogo. Umati ule sijapata kuuona tena: ngoma, masadhu, yaani watawa wa Kihindu, waliojipaka majivu, wanawake wamebeba maua mekundu. Tulisimama kwenye foleni tangu alfajiri hadi jua la utosi, na humo ndimo Mahi aliponisimulia, binti yake akitafsiri.

Sati, ambaye ndiye Devi huyo, alikufa katika kafara ya baba yake, Daksha. Mumewe, mungu Shiva, akazunguka na maiti begani, amepagawa kwa uchungu, mpaka mungu Vishnu akaikata vipande. Kila kipande kilipoanguka pakawa patakatifu. Hapa uliangukia uke wake. Mahi alilitamka neno hilo katikati ya watu, kwa heshima, kama mtu anayetaja jina la nyanya yake.

Akanionyesha ukuta. Mawe yaliyochongwa ya chini yametoka katika hekalu la kale lililobomolewa. Kuba la matofali lililo juu ni la mwaka 1565, lilipojengwa upya na Naranarayan, mfalme wa dola ya Koch, na nduguye Chilarai. Masimulizi yanasema mfalme huyo alimchungulia Devi akicheza usiku, akalaaniwa yeye na kizazi chake wasikitazame tena kilima. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba Wakhasi na Wagaro, makabila ya milimani ya huko, walikuwa wakiabudu hapa kabla hata ya hayo. Mimi nawaamini, kwa sababu ya nilichokiona ndani.

Ndani hamna sanamu. Unashuka ngazi nyembamba gizani, ukuta unateleza, taa za mafuta zinafuka, na chini kabisa kuna mwamba wenye ufa, umefunikwa kitambaa na maua. Chemchemi inaulowesha mwamba huo daima. Niliingiza vidole. Maji yalikuwa baridi. Kwa kitambo hivi sikusikia makelele ya watu waliokuwa wakinisukuma kwa nyuma.

Nje makuhani walikuwa wakigawa vipande vya kitambaa chekundu, baraka ya damu ya Devi. Watu wazima, wanaume kwa wanawake, walivinyooshea mikono miwili. Mahi akapata kimoja, akakichana, nusu akanifunga mkononi, juu ya kiwiko. Mara nikashusha mkono wa blauzi kukifunika. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Mahi hakusema kitu. Aliukunja ule mkono wa blauzi taratibu, kunjo baada ya kunjo, mpaka kitambaa kikaonekana chote, kisha akanishika kiganja tukaanza kuteremka.