Mtaimbo ulipozama: choo changu cha uwandani

Mwashi alikuwa ameshachimba siku tatu na shimo halijafika futi sita. Siku mbili na nusu katika hizo alikuwa anavunja jiwe, na mimi nimekaa kivulini nahesabu ujira wake. Akapiga, jiwe likalia kama mtungi mtupu. Akapiga tena, mtaimbo ukamtoka mikononi ukaenda zake. Tukausikia unagonga huku na huku, kisha kimya. Kisha upepo wa baridi ukapanda kutoka shimoni, una harufu ya popo na maji.

Jirani yangu, mzee anayefuga nyuki ng'ambo ya njia, alikuja kutazama. Akachungulia, akanigeukia. "Mwalimu, hapa ndipo ulipotaka choo?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Akasema, "Basi ungekuja kunywa ulichokwisha kula."

Shamba hili ni la babu, liko ndani huko kati ya Makunduchi na Mtende, kusini mwa Unguja, na banda langu ni chumba kimoja na baraza. Taa tatu za umeme wa jua, tangi la maji ya mvua, basi. Bomba hakuna. Ukishuka barabara ya lami unatembea dakika arobaini, na mzigo unakuja kwa gari ya ng'ombe. Ninakwenda Jumamosi na Jumapili, na skuli zikifungwa nahamia kabisa. Mwaka wa kwanza haja zetu tulikuwa tunazimalizia vichakani kama walivyofanya wazee, mpaka siku moja mtoto wa dada yangu aliporudi anakimbia, kakanyaga asichokuwa akikitafuta.

Uwanda, kwa asiyeujua, ni matumbawe ya kale. Udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe, na jiwe lenyewe limejaa matundu na mapango. Mvua inyeshe asubuhi, mchana hutaona dimbwi. Maji yote yameshuka kwenda kukaa juu ya maji ya chumvi, maana matamu ni mepesi, yanaelea. Hayo ndiyo tunayoteka visimani. Kanuni ya kuweka choo mita 30 kutoka kisimani ni nzuri penye udongo, kwa sababu udongo unachuja polepole na vijidudu vinafia njiani. Jiwe lenye ufa halichuji kitu. Mtaimbo wangu ulifika chini kwa sekunde tatu, na uchafu usingechelewa sana.

Kaka yangu wa mjini akasema nijenge karo. Karo la zege ni zuri, lakini linataka maji ya kumwaga kila mara, na lina mawili: maji yake yatokee kwenye shimo la kunyonya, ambalo ndilo lile lile tulilolikimbia, au lizibwe kabisa na gari ije kulivuta. Gari gani itapita njia ya ng'ombe? Wifi yangu akapendekeza ndoo yenye mfuniko na majivu. Ndoo si mbaya, niliitumia miezi minne. Ila kila wiki lazima mtu aibebe, na katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi.

Nikabaki na choo kikavu cha juu ya ardhi. Wavietnamu walianza kuvijenga vya namna hiyo vijijini tangu miaka ya 1950: vyumba viwili vya matofali juu ya sakafu ya zege, unatumia kimoja mpaka kijae, unakiziba, unahamia cha pili. Wakati unajaza cha pili, cha kwanza kinakauka. Siri yote iko katika neno hilo, kukauka. Mkojo una njia yake, kinyesi kina yake, havikutani. Vikikutana ndipo linapozuka lile vundo ambalo watu hudhani ni la choo cha kijijini, kumbe ni la mchanganyiko.

Mwashi alinisikiliza, akacheka, akajenga. Kila chumba futi tatu kwa futi tatu, kimo chake futi mbili na nusu, ndani kimepigwa lipu ya saruji laini. Nyuma kina mlango wa bati uliopakwa rangi nyeusi na kuelekezwa magharibi ili upigwe na jua la alasiri. Bomba la hewa la inchi sita linapanda hadi juu ya paa, nalo jeusi, mdomoni limefungwa wavu. Hilo bomba ni ujanja wa Zimbabwe, ulibuniwa katika miaka ya 1970, na anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo ni Peter Morgan. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta harufu, na nzi aliye ndani hufuata mwanga, kwa hiyo chooni kuwe na giza na mwanga utoke bombani tu. Anapanda, anakuta wavu, anafia hapo. Nilikuwa na shaka mpaka nilipopanda ngazi na kuwakuta.

Sasa nifike penye tatizo ambalo maelezo mengi ya vyoo vikavu hayaligusi. Wengi walioyaandika wanajifuta. Sisi tunachamba. Kopo moja la maji likiingia kwenye chumba kikavu kila siku, baada ya mwezi huna choo kikavu, una uji. Na kumwambia mama yangu atumie karatasi ni jambo ambalo sikulithubutu. Kerala, India, ambako watu wanachamba kama sisi, wamelitatua kwa kuweka mahali pa tatu: mbele njia ya mkojo, katikati tundu, na kando sehemu ya kuchambia yenye bomba lake. Ukimaliza unasogea hatua moja. Maji ya kuchamba yangu yanakwenda kwenye kitanda cha kokoto na udongo, kina chake futi mbili, kimetandikwa turubai chini ili yasiteremke. Juu nimepanda migomba, inayanywa yote. Ni maji kidogo tu, kopo kwa kopo.

Mkojo unaingia kwenye dumu la lita 20. Nauchanganya na maji, dumu moja kwa matano, namwagia mipapai shinani, siku zote nikiacha mwezi mzima kabla ya kuchuma. Mama aliposikia alisema, "Mapapai hayo mtakula nyinyi wenyewe." Anayala, lakini lazima nimwambie nimeyanunua.

Baada ya kila haja kubwa unatia kata moja ya vumbi, na vumbi langu ndilo ninalojivunia. Huku kusini akina mama wanafukia makumbi ya nazi pwani, wanayafukua baadaye, wanayaponda watoe nyuzi za kusokotea kamba. Zinazobaki ni pumba za rangi ya kahawia, laini, zinafyonza maji kuliko majivu. Wananiachia gunia kwa shukrani tu. Nazianika vizuri, nachanganya na majivu ya jikoni na chokaa kidogo ya tanuu. Chokaa inakausha, tena inafanya mazingira yawe makali kwa vijidudu.

Choo kimewahi kuharibika mara moja tu, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Makunduchi mwezi wa Julai hakuna nyumba isiyo na mgeni, na mimi nilipata kumi na mmoja kwa siku mbili. Nilibandika maelezo mlangoni, lakini nani anasoma maelezo akiwa amebanwa? Mtu, simjui nani na sikuuliza, alichambia kwenye tundu la katikati, na waliofuata wakamwiga. Siku ya tatu nikafungua mlango wa nyuma nikakuta funza wamejaa tele. Nilitia magunia mawili ya pumba na nusu ya chokaa, nikakoroga kwa mti mrefu huku nimejifunga kanga puani, nikakifunga chumba siku kumi. Kikapona. Tangu hapo wageni nawaonesha kwa mkono. Wanaume nawaomba wachuchumae, na kuna mmoja amegoma mpaka leo, ni shemeji yangu, anakwenda kichakani.

Chumba cha kwanza nilikiziba mwezi wa Machi na kukifungua Juni ya mwaka uliofuata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, linasema kinyesi kikae kimefungwa zaidi ya mwaka mmoja kwa joto la nyuzi 20 hadi 35, na lazima iwe hivyo, kwa sababu mayai ya minyoo ya tumbo ni wabishi kufa. Nilivaa glovu na viatu vya mpira. Ndani mlikuwa na kitu cheusi chenye kumeguka, kina harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua, na mswaki mmoja wa kijani. Nilikifukia chini ya miembe, mbogamboga sikuzitilia.

Taka nyingine hazina hadithi. Maganda ya chakula yanakwenda kwa kuku wa jirani, maji ya vyombo yanachujwa kwa kitambaa na kumwagiwa migomba. Plastiki, pedi na betri ninavirudisha mjini kwenye gunia. Betri hasa siachi hata moja, kwa sababu nimeshajua kilichopo chini.

Mzee wa nyuki alikuja siku ile ninafukia. Akachota kidogo kwa ncha ya jembe, akanusa, akauliza, "Hii ndiyo ile?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye tangi langu akanawa mikono, akanawa tena kwa sabuni, kisha akarudi kuuliza kama gunia moja linaweza kwenda kwenye mchungwa wake.