Siku moja maishani mwangu: fundi pikipiki, na hizi pikipiki mpya zinazozima zima

Saa 12 na nusu asubuhi

Mi ni fundi pikipiki, kijiwe changu kiko Kihonda, Morogoro. Leo nimewahi makusudi mana kuna pikipiki ya mwalimu mmoja imelala kwangu na kazi yake inataka injini iwe ya baridi kabisa, ukiiwasha hata dakika mbili tu vipimo vinakudanganya. Ni cc 125, mpya, dashi inasoma kilometa mia tisa na kitu. Shida yake ni kwamba asubuhi inawaka kiki moja na inatembea vizuri, ila ikishachemka haishiki sailensa (ule mngurumo wa chini injini ikiwa imeachiwa resi), yani akifika mzunguko wa Msamvu akiachia resi kusubiri magari yapite inazima, nyuma honi zinalia, inabidi ashuke asukume pembeni na gauni lake la kazini. Alishaipeleka kwa fundi mwingine akamkazia ile skrubu ya sailensa mpaka injini inalia juu juu muda wote, kweli ikapunguza kuzima lakini gia zikawa zinaingia kwa kishindo na mafuta inakunywa balaa. Kwangu hiyo sio kutengeneza, umeficha tu ugonjwa.

Saa 1

Nimefungua vifuniko viwili vya tapeti, zile skrubu za kuseti nafasi ya vavu (vavu ni milango ya injini, moja inaingiza hewa na moja inatoa moshi), nikazungusha magneti, lile gurudumu la pembeni ya injini, taratibu mpaka ule mstari wa T, unaoonyesha pistoni iko juu kabisa, ukakaa kwenye alama. Hapa ndo wengi wanapotea, T inapita mara mbili na mara moja tu ndo vavu zote mbili zimefunga, kwaiyo nashika roka (kile chuma kinachosukuma vavu) kwa vidole nasikilizia kama inacheza, alafu nazungusha raundi nyingine nzima kujiridhisha. Ya hewa inacheza kidogo. Ya moshi haichezi kabisa, imekaza.

Nikachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kitabu cha hii pikipiki kinataka nafasi ya 0.08 mm pande zote. Ya hewa 0.08 inapita huku inabana kwa mbali, ndo inavyotakiwa. Ya moshi 0.08 imegoma, 0.05 imegoma, mpaka 0.03 ndo imepenya na yenyewe kwa kulazimisha. Nikamwita dogo ninayemfundisha kazi aje aishike mwenyewe ile fila kwa mkono wake, mana hii kitu huwezi kumweleza mtu kwa mdomo akaelewa.

Injini ikiwa mpya vavu zinakuwa bado zinajikalisha kwenye viti vyake, ndo mana nafasi inapungua kwenye zile kilometa za mwanzo. Sasa moto ukipanda chuma kinatanuka, vavu ya moshi inabaki imeachia kidogo, kompresheni (ule mgandamizo wa ndani ya injini) inavuja. Ukiwa na resi huwezi kujua mana injini ina nguvu ya kutosha, ila ukiachia tu inakata. Na hiyo ndo sababu service ya kwanza, ile ya kilometa 500 mpaka 1,000 kutegemea na kitabu chako, sio kumwaga oili peke yake. Watu wanamwaga oili wanaondoka zao, tapeti hakuna aliyezigusa, afu mwezi unaofuata anakwambia pikipiki hizi siku hizi mbovu. Inaniuma sana mana mtu amejinyima mwaka mzima kupata hicho chombo.

Nikaseti, nikakaza nati ya loki huku nimeshikilia skrubu isizunguke, nikapima tena mana ukikaza kipimo huwa kinahama. Nikarudisha sailensa chini, kama mizunguko 1,400 kwa dakika hivi. Bado sijampigia mwalimu, nataka kwanza niichemshe niione.

Saa 3

Kaja dogo mmoja bodaboda, anabeba ndizi na abiria njia ya Bigwa kwenda Kiroka mpaka Mkuyuni huko. Pikipiki ya mkataba, ndo kwanza ameanza kulipa. "Broo nisaidie, hii kitu inanizimia milimani na bosi anataka hesabu." Amepita kwa mafundi wawili, wote wamefungua kabureta wakaosha, mmoja akamuuzia na plagi. Inazima vilevile.

Mi sijashika spana. Nimemkalisha kwenye benchi nikamuuliza inazima lini. Ikiwa baridi au ikichemka? Ukiwa na resi au ukiachia? Tangi likiwa limejaa au likikaribia kuisha? Taa za dashi zinazima nayo au zinabaki? Haya maswali hayana gharama na yanakutoa kwenye mambo mengi, mana taa zikizima pamoja na injini basi kimbilia betri, waya wa erthi na swichi ya funguo, taa zikibaki unaanza kufikiria mafuta na hewa na plagi.

Majibu yake: inatembea freshi kama nusu saa, afu inaanza kuvuta vuta kwa kusitasita, anaongeza resi haipandi, inazima. Taa zinabaki. Akikaa pembeni dakika kumi inawaka kama haijawahi kuumwa. Na ni mbaya zaidi akitoka kujaza tangi.

Hapo kabureta nimeshaiachia. Uchafu kwenye jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta, haujui kusubiri nusu saa afu ukupe msamaha ukipumzika.

Saa 4

Tumetoka wote, yeye anaendesha mi nimekaa nyuma na bisibisi na chupa tupu ya maji mfukoni. Nimemwambia ikizima usiguse chochote, wala usipige kiki. Tumepita Bigwa tumeanza kupanda, kweli ikaanza kusitasita, ikafa.

Nikalegeza ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, chupa nimeikinga. Mafuta yakatoka kidogo, yakawa matone, yakakata. Koki iko wazi, tangi limejaa, na kabureta imekauka! Nikamwambia sasa fungua mfuniko wa tangi. Alivyozungusha tu funguo tukasikia fyuuuu, hewa inaingia ndani kwa nguvu, na palepale mafuta yakaanza kumwagika kwenye chupa mfululizo. Dogo ameniangalia, ameangalia chupa, ameangalia tangi.

Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupumulia. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie juu kujaza nafasi, isipoingia tangi linajivuta lenyewe na mafuta yanagoma kushuka. Ukilijaza mpaka juu inakuwa mbaya zaidi mana hewa iliyobaki mle ndani ni kidogo sana. Ukisimama muda hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka, ndo mana kila fundi aliyempelekea akaikuta nzima na kuanza kubuni.

Na kitundu kimezibwaje? Ile nailoni ya dukani hajaitoa, juu yake akafunga mfuko mwingine kwa raba ya tyubu mvua isiingie, na juu ya hapo kava jipya la reksini fundi cherehani amelibana na gundi pembeni. Hapo hewa haina pa kupita. Tumetoa nailoni zote, nimelikata kava sehemu ya mfuniko kwa mviringo mzuri, nikapuliza mfuniko kwa mdomo mpaka nikahisi hewa inapita. Mvua inamtisha, namwelewa, nimemwambia ule mfuniko una raba yake ndani na umetengenezwa kwa mvua, asiogope.

Saa 6 mpaka saa 8

Zimekuja za haraka haraka. Mmoja yake inazima kwenye matuta tu na taa zinapotea nayo, nati ya terminali ya betri imelegea, inazunguka kwa vidole. Pikipiki nyingi zinakuja kwenye boksi zinaungwa huku, kwaiyo ukinunua mpya mwambie fundi unayemwamini apitie nati zote siku ileile. Hii yake plagi inachoma kwa umeme wa betri, sio zote ziko hivyo, kuna nyingine hata betri ukitoa zinatembea.

Mwingine amejaza petroli ya chupa barabarani, nikamwaga bakuli la kabureta kwenye chupa nyeupe nikaiweka juani, maji yakakaa chini petroli juu na mstari katikati unauona vizuri kabisa. Nimemwaga tangi lote, amelalamika lakini nimemwaga. Wali maharage nimekula nimesimama.

Saa 10

Nimeichukua ya mwalimu mpaka Msamvu kwenye foleni, jua kali, injini imechemka vya kutosha, nimeachia resi nikakaa. Imeshika. Nikawasha taa, indiketa, nikakanyaga breki taa ya nyuma iwake, bado imeshika, haitetemeki. Ndo nikampigia.

Alipofika akaniuliza, "Fundi, sasa mbona haipigi kelele kama mwanzo?" Nikamwambia mwalimu hii ndo sauti yake, ile nyingine ilikuwa imelazimishwa. Nimemwandikia kilometa kwenye karatasi akaibandika ndani ya kitabu, baada ya kilometa elfu nyingine arudi tuzipime tena tapeti, na ailete jioni ilale hapa.

Saa 12 jioni

Dogo wa ndizi kanipigia, yuko Mkuyuni, kapanda na mzigo haijazima hata mara moja. Kelele za wenzake kijiweni nazisikia kwenye simu, wawili wanataka kujua kuhusu mfuniko, mana na wao wamefunga nailoni. Nimemwambia awatolee hukohuko, hiyo haihitaji fundi. Ila yeye kesho aje kabla hajaiwasha, aisukume tu mana anakaa jirani, kilometa mia sita zimepita na tapeti hakuna aliyezipima.